Masafa ya Safari na Hukumu Zake: Kutoka Msafara wa Unyanyembe Hadi Ndege ya Tabora

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeidhalilisha ardhi kwa ajili ya waja wake wakapita katika pande zake kutafuta riziki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baad.

Siku moja baada ya Swala ya Adhuhuri katika msikiti mmoja wa mjini Tabora, alitujia kijana mfanyabiashara akiwa na mkoba wake begani. Akasema: "Sheikh, leo asubuhi nilikuwa Kariakoo, na sasa niko hapa Tabora. Nimekaa kwenye kiti cha ndege kama saa moja na nusu tu, nimeletewa maji na karanga, sikuchoka wala sikutoka jasho. Babu yake babu yangu alikuja huku kwa miguu kutoka pwani. Je, ni kweli kwamba mimi na yeye tuna hukumu moja ya kupunguza Swala?" Kabla hatujajibu, mzee mmoja aliyekaa karibu na nguzo akadakia: "Mwanangu, hiyo si safari, hiyo ni kuvuka barabara." Watu wakacheka, na kijana akaondoka akiamini kuwa amejibiwa.

Lakini hakujibiwa. Maneno ya mzee wetu yule, Mwenyezi Mungu amhifadhi, siku hizi yanasikika katika misikiti mingi. Wako maimamu wanaowakemea wageni waliokuja kwa ndege kwa kuwa wamepunguza Swala, wakisema kuwa rukhsa ililetwa kwa ajili ya taabu, na taabu haipo tena. Na kwa upande wa pili, wako wanaotoka Tabora mjini kwenda Sikonge, safari ya kilomita sabini hivi, wakapunguza kwa sababu barabara iliwachosha. Makundi yote mawili yamefanya kosa moja: wameipima safari kwa uchovu. Kwa ajili hiyo tumeona tuieleze mas-ala hii kwa kupitia historia ya njia yetu hii hii, kwani hakuna njia katika nchi yetu inayoifundisha vizuri zaidi kuliko njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji.

NJIA YENYEWE ILIVYOKUWA

Katikati ya karne ya 19 mahali tunapopaita leo Tabora palijulikana na wafanyabiashara kwa jina la Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, chini ya watemi wa Kinyamwezi. Waarabu wa Omani na Waswahili wa mrima waliweka makazi hapo kwa idhini ya mtemi, wakajenga nyumba za tembe, wakapanda miembe, na kupafanya kuwa njia panda ya bara. Kutoka hapo njia moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine kusini kuelekea Ufipa na nchi za mbele yake. Baba yake Hamed bin Muhammad el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa miongoni mwa waliokaa Unyanyembe na kuoa katika ukoo wa mtemi Fundikira.

Msafara uliotoka pwani ulibeba merikani, kaniki, ushanga na nyaya za shaba, na uliorudi ulibeba pembe za ndovu. Mizigo hiyo ilipanda juu ya vichwa na mabega ya watu, kwani mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waungwana waliofanya kazi hiyo kwa ujira, na ilikuwa ni fahari kwa kijana wa Kinyamwezi kwenda pwani na kurudi. Mbele alitangulia kirangozi, na nyuma yake ukafuata mstari mrefu wa watu mmoja mmoja, kwa maana njia yenyewe haikuwa na upana wa zaidi ya miguu miwili.

Tuitazame njia hiyo kwa vituo vyake. Kutoka Kaole au Bagamoyo msafara ulivuka bonde la mto Kingani, ukapita Uzaramo, ukaingia Ukutu, kisha ukapanda milima ya Usagara mpaka ukatokea Mpwapwa. Mbele ya Mpwapwa lilikuwapo jangwa la Marenga Makali, ambalo jina lake lenyewe lina maana ya maji machungu, na hapo watu walibeba maji yao au walikwenda na kiu. Kisha ikaja Ugogo, ambako kila mtemi alitoza hongo, na msafara uliweza kukaa siku nyingi ukibishana juu ya idadi ya mikono ya nguo. Baada ya Ugogo ulikuwapo mwitu mrefu wa Mgunda Mkali, na alipoumaliza msafiri ndipo alipoanza kuona vijiji vya Unyamwezi, Tura na Rubuga, mpaka Kazeh.

Muda wake je? Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857 na wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba mwaka huo, siku ya 134 tangu waiache pwani. Burton alikadiria kuwa walikuwa wametembea maili zisizopungua 600, yaani kama kilomita 965. Mwenyeji wao hapo alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi, ambaye Burton mwenyewe amemsifu kwa elimu na ukarimu. Walikaa kwa zaidi ya mwezi mmoja, wakaondoka katikati ya Desemba, na wakafika Ziwa Tanganyika Februari 1858. Stanley naye alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Unyanyembe Juni, yaani miezi mitatu, na hiyo ilihesabiwa kuwa ni mwendo wa haraka.

Ukigawanya kilomita 965 kwa siku 134 unapata wastani wa kilomita saba na kidogo kwa siku, ukihesabu na siku za kupumzika, za maradhi, za kutoroka wapagazi na za kungoja hongo. Tunamuomba msomaji aishike namba hii, tutairudia.

MARHALA MBILI ZA WANACHUONI

Maswahaba Abdullah bin Umar na Abdullah bin Abbas (R.A.) wamepokewa kuwa walikuwa wakipunguza Swala na kufungua katika masafa ya burud nne. Baridi moja ni farsakh nne, na farsakh moja ni maili tatu. Kwa hiyo burud nne ni farsakh 16, nazo ni maili 48 za Kihashimiya. Hiyo ndiyo kauli iliyotegemewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, na Maliki na Hanbali wako karibu nayo. Wanachuoni wetu pia huyaita masafa haya marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa wanyama waliobeba mizigo. Wengi wa wanachuoni wa zama hizi huyakadiria kuwa ni kilomita 80 na kidogo, na wengine huzidisha au kupunguza kilomita chache.

Neno marhala lingefahamika mara moja kwa kirangozi wa zamani wa Unyanyembe, kwani ndiyo kambi mpaka kambi. Lakini msafara wake haukuwa wa ngamia wa Hijazi. Kwa wastani tuliouona wa kilomita saba kwa siku, marhala mbili za vitabuni zilimchukua mpagazi wa njia yetu siku kumi na moja hivi. Reli ya Kati ilipojengwa na Wajerumani, ikianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, masafa yale yale yakawa ya saa chache tu. Na sisi tuliosoma zamani tukisafiri kwa garimoshi tunakumbuka kuwa kilomita 840 za reli kutoka Dar es Salaam hadi Tabora zilituchukua siku nzima na zaidi. Basi kilomita 80 zilikuwa ni saa mbili na nusu au tatu. Leo hii masafa ya anga baina ya kiwanja cha Julius Nyerere na kiwanja cha Tabora ni kama kilomita 730, na ndege huyamaliza kwa saa moja na nusu hivi. Maana yake ni kwamba marhala mbili zinakwisha kwa dakika kumi, kabla ya karanga za yule kijana kuletwa.

Siku kumi na moja, saa tatu, dakika kumi. Masafa ni yale yale. Je, hukumu inabadilika?

JIBU LA MAFAQIHI

Wanachuoni wa Usuli wamepambanua baina ya illa na hekima. Illa ni ile sifa iliyo wazi, inayopimika, ambayo hukumu imefungwa nayo. Hekima ni lile jambo jema lililokusudiwa katika kuiweka hukumu. Illa ya kupunguza Swala ni safari. Hekima yake ni kuondoa taabu. Na taabu haipimiki: mfalme husafiri katika kivuli na matandiko, na fundi mkaazi hushinda juani akibeba matofali. Lau hukumu ingefungwa na taabu, basi fundi angepunguza na mfalme angetimiza, na kila mtu angekuwa mufti wa uchovu wake. Sharia haikufanya hivyo.

Dalili ya jambo hili ni kisa cha Ya'la bin Umayya, kilichopokewa na Imamu Muslim. Aya ya 101 ya Suratun-Nisaa imetaja kupunguza Swala pamoja na khofu ya kushambuliwa na maadui. Ya'la akamuuliza Umar bin Al-Khattab (R.A.) imekuwaje watu wapunguze na hali wamekwisha kuwa katika amani. Umar akamjibu kuwa yeye pia alilistaajabia jambo hilo, akamuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamfahamisha kuwa hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa, basi waipokee. Tazama ewe ndugu: sababu ya mwanzo, ambayo ni khofu, iliondoka wangali hai Maswahaba, na rukhsa ikabaki. Basi ikiwa khofu iliyotajwa katika Aya yenyewe iliondoka na hukumu haikuondoka, vipi tuiondoe kwa kukosekana uchovu ambao haukutajwa?

Na tusidhani kuwa mafaqihi wa zamani hawakuifikiria kasi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), katika kitabu chake Minhaj kinachosomeshwa katika darsa zetu za mwambao na bara, ameeleza kuwa bahari ni kama nchi kavu, na kwamba mtu akizikata maili zile baharini kwa saa moja tu, atapunguza. Alikuwa akiishi Sham, zama za jahazi na ngamia. Hakuiona ndege, lakini kanuni aliyoiandika inaitosha ndege. Mahanafi nao, ambao wamepima kwa mwendo wa siku tatu badala ya maili, wamesema kuwa tarishi mwenye kasi akizimaliza siku tatu hizo kwa siku mbili, hupunguza pia, kwa sababu kinachozingatiwa ni mwendo wa kawaida uliowekwa kuwa kipimo.

Basi jibu la yule kijana ni hili: wewe na babu yake babu yako mna hukumu moja. Na jibu la ndugu zetu wa Sikonge ni kwamba kwa madhehebu ya Shafi hamjafika marhala mbili, hata kama gari lilikwama mara tatu njiani. Anayekwenda Nzega amezipita.

KITUO CHA TABORA: MSAFIRI ANAKUWA MKAAZI LINI?

Hapa historia ya mji wetu inatupa somo jingine. Tabora haikuwa njia tu, ilikuwa kituo. Msafara uliofika ulilazimika kungoja: wapagazi wa pwani walilipwa wakatawanyika, wapya wakatafutwa, na vita vikitokea njia ilifungwa. Mwaka 1871, vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia ya Ujiji, na watu wakabaki miezi wakisubiri.

Kwa madhehebu ya Shafi, msafiri akinuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika na anaswali kamili. Na anayesubiri haja anayotaraji kuwa itatimia wakati wowote, hupunguza mpaka siku 18. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kishafii aliyejua kuwa atangoja wapagazi mwezi mzima alikuwa mkaazi tangu alipofika. Ama ndugu zetu Maibadhi, ambao Waomani wengi wa Unyanyembe walikuwa miongoni mwao, wao wanaona kuwa masafa ya safari ni farsakh mbili, na kwamba mgeni anaendelea kupunguza maadamu hajaufanya mji kuwa watani wake, hata akikaa miaka. Kwa hiyo katika mji mmoja, huenda katika baraza moja, mzee wa Kiomani aliyekaa muda mrefu akaswali rakaa mbili na jirani yake Mswahili akaswali nne, na kila mmoja ana dalili yake. Tunalitaja hili ili vijana wetu wajue kuwa hitilafu hii ina umri mrefu, na haikuhitaji makelele.

SAFARI AMBAYO HAINA RUKHSA

Sasa tunafika mahali pazito, na si haki kwa mwandishi wa historia kupita akiwa amefumba macho. Njia tuliyoieleza haikupitisha pembe na nguo peke yake. Ilipitisha pia binadamu waliofungwa. Watu walitekwa katika vita na mavamizi ya bara, wakatembezwa hadi pwani, na waliokufa njiani hawakuhesabiwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 katika utawala wa Sayyid Barghash, na katika Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Miongoni mwa waliofanya biashara ile walikuwamo watu wa Kibla chetu, waliosimamisha Swala kambini jioni na watu waliofungwa wakiwa pembeni yao. Hatuwezi kulikana hilo, wala haitufai kulisingizia taifa moja tu, kwani walionunua, waliouza na waliovamia walikuwa wa makabila na dini mbali mbali. Lakini sisi tutaulizwa juu ya walio wetu.

Fiqhi inasemaje? Katika madhehebu ya Shafi ni sharti la rukhsa kwamba safari isiwe ya maasia. Aliyetoka ili afanye dhambi, safari yake yenyewe ikawa ndiyo dhambi, hapunguzi Swala, hakusanyi, wala hafungui Ramadhani kwa ajili ya safari hiyo, kwa sababu rukhsa ni msaada, na Mwenyezi Mungu hamsaidii mtu katika kumuasi. Na kumteka muungwana na kumuuza ni dhambi kubwa: katika Hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, mwenye kumuuza mtu huru na kula thamani yake ni mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Basi aliyetoka Tabora kwenda kuvamia vijiji, hata akitembea siku 134, akaumwa na homa Mgunda Mkali, akakosa maji Marenga Makali, hakuwa na haki ya rakaa mbili. Alikuwa na masafa na alikuwa na taabu, lakini hakuwa na safari inayokubaliwa na Sharia.

Na mafaqihi hao hao wamemzungumzia mateka. Wamesema kuwa mtu anayechukuliwa na mwingine mwenye amri juu yake, asijue anapelekwa wapi, hapunguzi mwanzoni, kwa sababu hajui masafa yake. Lakini akishapelekwa marhala mbili, anapunguza. Wengi wa mateka wa njia yetu hawakuwa Waislamu wakati ule, ingawa kizazi chao leo kimejaza safu za misikiti yetu. Lakini tuitafakari hukumu yenyewe. Kama Mwislamu angekuwa ndani ya mnyororo ule, basi Sharia inampa rukhsa yule aliyefungwa na inamnyima yule aliyeshika ufunguo, na wote wawili wamekanyaga njia moja, kwa siku zile zile, chini ya jua lile lile. Asomaye hapa na asidhani tena kuwa hukumu ya safari ni suala la kilomita au la uchovu peke yake. Mwenye kupanda ndege leo kwenda kutoa rushwa, kula dhuluma au kuuza kilichoharamishwa, ajiulize kabla hajauliza habari ya rakaa mbili.

JUA LA TABORA SI JUA LA DAR ES SALAAM

Kuna jambo moja ambalo ndege imelileta na ambalo wazee wetu hawakulazimika kulifikiria. Mwenyezi Mungu amelijaalia jua lipite nyuzi moja ya longitudo kwa kila dakika nne. Dar es Salaam ipo kwenye nyuzi 39 mashariki na kidogo, Tabora iko karibu na 33, na Kigoma karibu na 30. Saa za ukutani ni moja nchi nzima, lakini jua la Tabora huzama baada ya lile la Dar es Salaam kwa dakika 25 hivi, na la Kigoma kwa dakika 38.

Mpagazi wa zamani alizipita dakika 25 hizo kwa siku 134, yaani kama sekunde 11 kila siku. Hakuhisi kitu. Alitazama jua lililo mbele yake likizama, akafungua au akaswali, na hakukosea. Msafiri wa leo anazipita dakika zile zile kwa saa moja na nusu, na mkononi ana simu yenye ratiba ya mji alioutoka.

Tulishuhudia kosa hili kwa macho yetu. Tulikuwa ndani ya ndege ya kwenda magharibi, mwezi wa Ramadhani, nayo ilikuwa imechelewa kuondoka. Abiria aliyekuwa mbele yetu akasikia kengele ya adhana katika simu yake, iliyopangwa kwa saa za Dar es Salaam, akafungua chupa ya maji akanywa, na hali jua lingali linang'aa dirishani. Tulimgusa bega kwa upole tukamwonyesha. Alihuzunika sana. Tukamwambia: ajizuie mpaka jua lizame, na ailipe siku hiyo moja, kosa si dhambi kwa asiyekusudia, lakini saumu ya siku hiyo haikutimia.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa faida ya maimamu na wanafunzi, tunayakusanya haya kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi:

Kwanza, safari huanza kwa kuyapita majengo ya mji. Kiwanja cha Julius Nyerere kiko ndani ya majengo ya Dar es Salaam, basi mkaazi wa Dar es Salaam anayeswali hapo kabla ya kupanda ndege anaswali kamili, na hakusanyi kwa sababu ya safari.

Pili, akifika Tabora akiwa mgeni wa siku mbili au tatu, anapunguza. Akiswali nyuma ya imamu mkaazi, anatimiza rakaa nne pamoja naye. Ama mwenyeji wa Tabora anayerejea nyumbani, safari yake inakwisha anapoingia mjini kwake.

Tatu, anayefunga akiwa mkaazi alfajiri kisha akasafiri mchana, anaitimiza saumu ya siku hiyo. Anayetaka rukhsa ya kufungua, ni lazima awe ameuacha mji kabla ya alfajiri. Na kufunga safarini ni bora kwa asiyedhurika.

Nne, kufungua ni kwa kuzama jua pale ulipo. Aliye angani na analiona jua, bado ni mchana kwake, hata kama watu wa chini yake wamekwisha kufungua.

Tano, wakati wa Swala ukihofiwa kutoka angani, mtu aswali kwa kadiri ya uwezo wake. Aendaye Tabora kutoka Dar es Salaam, Kibla kiko upande wake wa kuume. Asipoweza kusimama wala kuelekea, aswali kwa kuheshimu wakati, kisha airudie atakaposhuka.

HITIMISHO

Mzee wetu wa msikitini alisema kuwa ndege ni kuvuka barabara. Tungependa tumjibu kwa adabu: mzee wetu, barabara hiyo ni ile ile waliyoivuka kwa miezi minne na nusu, na Mwenyezi Mungu ameikunja kwa ajili ya wajukuu wao. Hakuikunja sadaka yake pamoja nayo. Mwenye kuikataa rukhsa kwa sababu hakuchoka, amedhani kuwa ilikuwa ni ujira wa uchovu, na hali ni zawadi.

Lakini limebaki deni moja. Waumini waliokuwamo katika misafara ile, wenye safari za halali, walitayamamu Marenga Makali kwa kuwa maji ya viriba yalikuwa ya kunywa, na wakaijua Kibla kwa nyota. Sisi tumepewa saa moja na nusu, maji ya kutosha na simu inayotuonyesha Kibla, na bado wako miongoni mwetu wanaoshuka ndegeni na Alasiri imewapita, si kwa dharura, bali kwa kungoja mizigo na kuzungumza. Anayebishania rakaa mbili au nne na hali Swala yenyewe imempita, amepoteza njia kabla ya kituo cha kwanza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliopita njia hiyo kwa kheri, awasamehe waumini waliokosea, awalipe waliodhulumiwa haki zao, na atujaalie safari zetu ziwe za kumridhisha. Amin.

Wallahu a'lam.